Diklo, rangi mbili, deksa au kisu? Uchague nini mguu ukivimba kwa mwiba

Mwiba wa mgunga ukikuingia unyayoni ukiwa shambani Mpunguzi, siku ya kwanza utauchomoa kwa sindano na kuendelea kupogoa mizabibu. Siku ya tatu mguu hauingii tena kwenye kandambili. Hapo ndipo watu wengi husimama mbele ya kaunta ya duka la dawa, na juu ya ile kaunta kuna dawa nne au tano ambazo zote wateja huziita "dawa ya uvimbe". Kila moja inafanya kazi yake, na nyingine zinapingana kabisa ndani ya mguu huohuo mmoja.

Mimi ndiye muuzaji wa kaunta hiyo, na mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipe deksa za siku tatu na rangi mbili za buku."

"Mguu umetoa usaha?"

"Bado. Ila unapwita usiku kucha, na hapa kwenye nyonga nimeota mtoki."

Mzee ametaja dawa mbili. Rangi mbili, yaani kapsuli ya antibayotiki, inajaribu kuua bakteria; deksa, yaani deksamethasoni, inawarudisha nyuma walinzi wanaopambana na bakteria haohao. Kuelewa kwa nini, inabidi kuangalia kwanza kinachoendelea chini ya ngozi, maana bila hapo huwezi kuchagua, utakuwa unabahatisha tu.

Ndani ya mguu

Mwiba hauingii peke yake. Unaingia na vumbi, na bakteria waliokuwa juu ya ngozi, hasa stafilokoka na streptokoka. Kwenye nyama ya mguu tayari kuna seli zinazoishi humo, zinaitwa makrofaji. Hizi zina vipokezi vinavyotambua maumbo yaliyopo kwa bakteria na yasiyopo kwa binadamu. Zikishagusana nao zinameza wanaoweza kumezwa, kisha zinamwaga kemikali za kuita msaada. Jirani zao, seli za mlingoti, zinaachia histamini. Mishipa midogo ya damu inapanuka, kuta zake zinalegea, na maji ya damu yanavuja kuingia kwenye nyama. Huo ndio uvimbe wenyewe, na joto linatokana na damu nyingi iliyokuja. Kinachouma ni prostaglandini na wenzake, ambao huwasha neva kiasi kwamba hata shuka likigusa unaruka.

Baada ya saa chache wanafika nyutrofili. Hizi ndizo nyingi kuliko seli zote nyeupe za damu, kwa mtu mzima huwa ni nusu hadi asilimia 70 hivi, na uboho wa mifupa hutengeneza takribani bilioni 100 kila siku kwa sababu haziishi muda mrefu. Zinavyotoka kwenye damu ni jambo la kustaajabisha: ukuta wa mshipa ulio karibu na mwiba unaota vishikizo, nyutrofili inayopita inajiviringisha juu yake, inanasa, inajibana na kupenya katikati ya seli za ukuta, kisha inatambaa kufuata harufu ya kemikali hadi kwa bakteria. Vishikizo hivi vikumbuke, tutavirudia tukifika kwenye deksa.

Ikishammeza bakteria, inamfungia kwenye kifuko na kumwagia vimeng'enya na asidi ya hipoklorasi, kemikali ya jamii moja na iliyomo kwenye Jik. Kimeng'enya kinachoitengeneza kina rangi ya kijani, ndiyo maana usaha huwa na ukijani. Nyutrofili nyingine zikizidiwa hutupa nje nyuzi za DNA yao wenyewe na kuwanasa bakteria humo. Jambo hili lilielezwa na watafiti wa Berlin mwaka 2004 tu. Kisha zinakufa. Usaha ni maiti za nyutrofili, bakteria na nyama iliyoyeyuka, kwa sababu zile kemikali hazichagui sana kati ya bakteria na nyama yako. Na mtoki wa mzee? Ni tezi ya limfu inayopokea mabaki kutoka mguuni na kuzalisha seli za awamu ya pili. Mtoki si ugonjwa mpya, ingawa unaonyesha kwamba vita imepanda juu.

Aliyeona haya mapema alikuwa Élie Metchnikoff, mwaka 1882, akiwa Messina, Sicily. Alichoma miiba ya waridi kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo ni angavu kama kioo, na kesho yake akakuta seli zimeuzunguka mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Kwa hiyo mkulima wa Dodoma mwenye mwiba unyayoni anarudia jaribio lile bila kupenda.

Jambo moja kabla ya dawa. Vitabu vinasema dalili za kuvimba ni wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Kwenye ngozi zetu wekundu mara nyingi hauonekani. Ngozi hung'aa, huwa na zambarau au huzidi weusi. Tumia mgongo wa mkono kulinganisha joto la mguu mmoja na mwingine, utapata jibu zuri kuliko kutafuta wekundu.

Panadol au diklo?

Hapa chaguo si gumu, na nitapita haraka. Parasetamo, ambayo ndiyo Panadol, inafanya kazi zaidi kwenye ubongo: inashusha homa na kupunguza maumivu, lakini uvimbe wenyewe haiugusi sana. Diklofenaki na ibuprofeni zinazuia utengenezaji wa prostaglandini palepale mguuni, jambo ambalo John Vane alilionyesha mwaka 1971 kwa aspirini na wenzake. Kwa hiyo diklo itapunguza maumivu na kiasi cha uvimbe. Haiui bakteria hata mmoja. Nyutrofili nazo haziguswi sana na dawa hizi, zinaendelea kuja.

Sasa kwa nini mimi humpa mtu wa shambani parasetamo kwanza? Kwa sababu ya figo na tumbo. Prostaglandini hizohizo zinazouma mguuni ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo, na ndizo zinazoacha njia ya damu kwenda kwenye figo ikiwa wazi mwili unapopungukiwa maji. Mtu aliyeshinda juani mwezi wa kumi, Dodoma ikiwa kavu kama ilivyo, akanywa chupa moja ya maji kutwa nzima, kisha akameza diklo tumbo likiwa tupu, amejiweka pabaya mara mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo, mjamzito (hasa miezi ya mwisho), na mwenye pumu inayochokozwa na aspirini, hao diklo waiache. Parasetamo nayo ina mpaka wake: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24, la sivyo ini linaumia.

Ubaya mwingine wa diklo hausemwi sana. Inatuliza maumivu kiasi kwamba mtu anarudi kupogoa, huku bakteria wanapanda juu ya kifundo. Ukiinywa, uangalie mguu kwa macho, usisubiri mguu ukuambie.

Rangi mbili au kisu?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. "Rangi mbili" ni kapsuli yoyote yenye rangi mbili. Mara nyingi mteja anapewa amoksilini. Wapo wanaoifungua na kunyunyizia unga kwenye kidonda ili "kikauke". Unga huo hauingii mahali bakteria walipo, unatengeneza gaga juu na kufungia uchafu chini. Afadhali maji safi na sabuni.

Ukiimeza je? Inategemea mambo mawili: ni bakteria gani, na kama usaha umeshajikusanya.

Stafilokoka ndiye msababishaji mkuu wa majipu, na wengi wao wana kimeng'enya kinachoivunja amoksilini. Penisilini ilianza kuvunjwa hivyo tangu miaka ya 1940, wakati ndiyo kwanza inaingia hospitalini. Ndiyo sababu kwa jipu mganga huandika kloksasilini au flukloksasilini, ambazo zilitengenezwa zisivunjwe na kimeng'enya hicho. Amoksilini peke yake kwa jipu ni kununua matumaini.

La pili ni kubwa zaidi. Jipu likishaiva, mwili umelizungushia ukuta, na katikati kuna usaha usio na mshipa wa damu. Dawa unayomeza inasafiri kwa damu. Ni sawa na kumwagilia mzabibu ambao bomba la matone halijafika. Humo ndani nyutrofili nazo zimechoka, hewa ni haba, asidi imejaa. Kinachotibu hapo ni kupasua, kukamua na kuacha tundu wazi litoe. Baada ya kupasuliwa vizuri, jipu dogo la mtu mwenye afya hupona mara nyingi bila hata kidonge, ingawa antibayotiki sahihi huongeza kidogo nafasi ya kupona. Kapsuli bila kupasua, jipu likiwa limeiva, hazifui dafu.

Kwa hiyo bonyeza kwa upole. Kama katikati panadidimia kama chungwa lililooza, kuna usaha, nenda zahanati ukapasuliwe. Usijipasulie na wembe nyumbani, na usikamue kabisa jipu la puani au juu ya mdomo, maana mishipa ya hapo ina njia ya kwenda kichwani. Kama pote ni pagumu, pa moto, na mpaka wa joto unasogea, hiyo ni maambukizi yanayotambaa kwenye nyama, mara nyingi ya streptokoka, na hapo antibayotiki ndiyo ya kwanza, kisu hakina cha kutoa. Chora mstari kwa kalamu kuzunguka pale joto linapoishia. Kesho asubuhi angalia. Mstari ukivukwa ilhali umeshaanza dawa, au ukapata homa na kutetemeka, panda gari uende kituo cha afya.

Na dozi imalizwe kama ilivyoandikwa. "Za buku" ni vidonge vya siku moja na nusu: vinaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale wagumu. Wizara na wauguzi wanaliita tatizo hili UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na linaanzia kwenye manunuzi kama yale ya mzee.

Halafu ulizia chanjo ya pepopunda. Mwiba ni mlango mzuri mno wa pepopunda, na bakteria wake haleti usaha wala uvimbe mkubwa wa kukushtua.

Deksa

Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayopendwa kuliko zote na ndiyo inayoeleweka kidogo kuliko zote. Deksamethasoni na prednisoloni ni ndugu, miligramu 0.75 ya deksa ina nguvu ya takribani miligramu 5 za prednisoloni, kwa hiyo udogo wa kidonge usikudanganye. Zimetoka kwenye jamii ya homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwenye tezi zilizo juu ya figo. Philip Hench wa Mayo Clinic alipoijaribu kotisoni, mojawapo ya homoni za jamii hiyo, kwa wagonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948, watu waliokuwa hawainuki kitandani walianza kutembea, na 1950 akapata Nobel. Sifa hiyo haijaisha hadi leo.

Mtu akimeza deksa kwa mguu wa mwiba, kesho yake atakuambia imefanya kazi. Uvimbe umeshuka, homa imekata, hamu ya kula imerudi. Na hasemi uongo. Lakini tazama imefanyaje: imezima jeni zinazotengeneza zile kemikali za kuita msaada, na imepunguza vile vishikizo kwenye ukuta wa mshipa. Nyutrofili zinapita tu ndani ya damu bila kunasa. Ndiyo maana ukimpima damu mtu aliyekunywa deksa, seli nyeupe zinaonekana *nyingi* kuliko jana. Ziko barabarani, hazijaingia kwenye nyama. Bakteria wanabaki na mguu peke yao.

Ukilinganisha na diklo, tofauti ni hii. Diklo inakata tawi moja, la prostaglandini. Deksa inakwenda kwenye shina: prostaglandini, saitokaini (zile kemikali za kuita msaada), safari ya nyutrofili, na kazi ya makrofaji. Hiyo ya mwisho ina maana maalumu kwetu, kwa sababu watu wengi nchini wanaishi na vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala, vimefungiwa na makrofaji kwenye vinundu. Deksa ya muda mrefu inaweza kulegeza kifungo hicho. Inapandisha sukari, inapandisha presha, inadhoofisha mifupa. Wapo wanaoinywa ili wanenepe, na hunenepa kweli, usoni na tumboni, huku misuli ya miguu inaisha. Na aliyeinywa zaidi ya wiki tatu hivi asiiache ghafla: tezi zake zimelala, anaweza kuanguka. Aende apunguziwe taratibu.

Sisemi deksa ni mbaya. Kuna wakati uvimbe wenyewe ndio unaoua, na hapo hakuna kama deksa: pumu iliyobana, koo la mtoto lililovimba, uvimbe wa ubongo, na homa ya uti wa mgongo itokanayo na kifua kikuu, ambako huokoa maisha ikitolewa *pamoja na* dawa za TB. Mfano wa wazi ulitoka Uingereza mwaka 2020, jaribio la RECOVERY kwa wagonjwa wa UVIKO-19. Miligramu 6 za deksa kwa siku zilipunguza vifo kwa takribani theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa takribani moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Waliokuwa wanapumua wenyewe bila oksijeni hawakupata faida yoyote. Dawa ileile, virusi vilevile. Kilichobadilika ni hatua ya ugonjwa.

Kwa mguu wa mwiba wenye bakteria hai ndani, bila daktari aliyeuona na bila antibayotiki sahihi, mimi deksa siuzi. Mzee alinuna kidogo. Akachukua parasetamo, akaenda kupasuliwa.

Ambao maelekezo ya hapo juu hayawahusu

Mwenye kisukari nyutrofili zake hutambaa vibaya na kuua vibaya sukari ikiwa juu, na mara nyingi mguu hausikii maumivu, kwa hiyo kwake kidonda cha unyayo ni safari ya hospitali siku ya kwanza. Vivyo hivyo anayepata tiba ya saratani, mwenye VVU ambaye hajaanza au ameacha dawa, mwenye selimundu, na mtoto mchanga. Hao wanaweza kuwa na maambukizi makubwa bila uvimbe mkubwa, kwa sababu hao wa kuleta uvimbe ni wachache au wamedhoofika.

Jicho ni habari nyingine

Kongwa, hapa mkoani Dodoma, inajulikana duniani kwa vikope, yaani trakoma, na ni mfano mzuri wa uvimbe unaoharibu kuliko bakteria mwenyewe. Klamidia trakomatisi anajificha ndani ya seli za ngozi ya ndani ya kope. Mtoto anaambukizwa, anapona, anaambukizwa tena, kwa mikono, vitambaa na nzi, na kila mara seli za kinga hufika na kuacha kovu dogo. Makovu yakijumlika, miaka mingi baadaye kope inajikunja kwa ndani na nywele zake zinakwangua kioo cha jicho. Upofu unaletwa na hilo kovu.

Basi si ungedhani deksa ya matone ndiyo dawa, izime uvimbe kabla ya kovu? Hapana. Bakteria akiwa hai, ukizima kinga unamwachia nafasi. Kinachofanya kazi ni kumwondoa bakteria na kumzuia asirudi. Kwenye kumwondoa kuna machaguo mawili: azithromaisini ya kumeza mara moja, au mafuta ya macho ya tetrasaiklini asilimia 1, mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Kwa ubora wa dawa zinakaribiana, kwa maisha ya nyumbani hazifanani hata kidogo. Mama mwenye watoto wanne hawezi kuwapaka mafuta yanayowasha na kutia ukungu machoni mara mbili kila siku kwa wiki sita. Kidonge cha mara moja kinashinda, ndiyo maana kampeni za kijiji kizima hutumia hicho. Mafuta yanabaki kwa wasioweza kumeza, kama watoto wa chini ya miezi sita. Na kunawa uso si nyongeza ya mapambo: utafiti uliofanyika vijiji vya Kongwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vijiji vilivyohimizwa kuosha nyuso za watoto juu ya kupewa mafuta vilikuwa na watoto wachache zaidi wenye trakoma kali kuliko vilivyopewa mafuta peke yake.

Tatizo la kaunta ni chupa ndogo ya matone yenye antibayotiki na deksa pamoja. Jicho jekundu linatulia kwa siku moja, mteja anafurahi, anairudia mwezi ujao. Mkulima aliyechapwa jicho na bua la uwele au jani la mahindi anaweza kuwa na fangasi kwenye kioo cha jicho, na deksa huwapa fangasi uwanja. Virusi vya malengelenge vivyo hivyo. Ikitumika muda mrefu hupandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho. Soma lebo: ukiona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, na hakuna daktari wa macho aliyekuandikia, irudishe. Kwa tongotongo tu, chukua mafuta ya tetrasaiklini. Jicho likiogopa mwanga, likiwa na doa jeupe, au likiwa limechomwa na mmea, usinunue chochote kaunta, nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo.